Mnyoo Huyu wa Viazi ni Yupi?

Viazi mviringo ni chakula, tena ni fedha. Huko Nyandarua, nchini Kenya, wakulima wengi hutegemea zao hili. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba mnyoo anayeharibu viazi amepatikana huko. Mwaka 2018 walitangaza aina ya pili. Minyoo hii miwili inafanana sana, lakini si aina moja.

Minyoo hii haidhuru watu. Huingia katika mizizi ya viazi na kunyonya chakula cha mmea. Mmea hudumaa, majani huwa ya njano, na viazi huwa vidogo. Mnyoo jike huvimba akawa kama kichwa cha pini. Akifa, ngozi yake hukauka ikawa kifuko kigumu. Ndani yake mna mamia ya mayai. Mayai hayo yanaweza kukaa ardhini miaka 20 yakingoja viazi.

Kwa nini tumjue mnyoo ni yupi?

Zipo mbegu za viazi zinazomshinda mnyoo wa kwanza. Lakini nyingi ya mbegu hizo hazimwezi wa pili. Mkulima asipojua, atatumia fedha zake kununua mbegu, na bado atavuna hasara.

Je, macho hayatoshi? Jike wa aina ya kwanza huwa wa njano kabla ya kukauka. Wa aina ya pili huwa mweupe. Lakini wakishakauka, wote huwa rangi ya kahawia. Hata kwa darubini, kuwatofautisha ni kazi ngumu.

Kusoma maandishi ya urithi

Kila kiumbe ana maelekezo mwilini mwake aliyorithi kwa wazazi. Maelekezo hayo ni kama maandishi marefu yenye herufi 4 tu. Ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma. Unajua kwamba "paka" na "pika" yanatofautiana kwa herufi moja, lakini maana ni mbali. Wataalamu nao husoma tofauti za minyoo hivyo hivyo:

1. Udongo huchukuliwa sehemu nyingi za shamba, huchanganywa na kukaushwa.
2. Udongo hutiwa majini. Vifuko vikavu huelea, kisha huchujwa.
3. Vifuko hupondwa ili kupata maandishi ya urithi.
4. Hutiwa dawa maalumu, na mashine huvipasha moto na kuvipoza mara 30 hivi. Kila mara, sehemu inayotafutwa huongezeka: 1 huwa 2, 2 huwa 4, 4 huwa 8.
5. Kila aina ya mnyoo hutoa vipande vya urefu wake. Urefu ukipimwa, mnyoo hujulikana.

Kazi yetu shambani

Kipimo hakiui mnyoo. Kinatuonyesha njia tu. Ukiona dalili, mwite bwana shamba. Osha jembe na viatu kabla ya kwenda shamba jingine, maana vifuko husafiri na udongo. Panda mbegu safi. Badilisha mazao: panda mahindi, maharage au kabichi. Usipande nyanya wala biringanya, kwa sababu minyoo hii hula mizizi yake pia.

Maswali

1. Kwa nini rangi ya kifuko haitoshi kumtambua mnyoo?
2. Mkulima atapata hasara gani asipojua aina ya mnyoo?
3. Katika kijiji chetu, udongo hutoka shamba moja kwenda jingine kwa njia zipi?