Maji, Hewa na Chombo cha Kuoteshea Miche

Mmea hunywa kwa mizizi yake. Jambo hilo hakuna asiyelijua. Lakini mizizi hiyo hiyo pia hupumua. Seli zake huhitaji oksijeni usiku na mchana, na oksijeni hiyo hutoka katika nafasi ndogo zilizomo baina ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji kwa muda mrefu, mzizi hudhoofika na hatimaye huoza. Kwa hiyo, mtu anayechagua chombo cha kuoteshea miche ya mboga huwa, kwa hakika, anachagua kiasi cha maji na hewa vitakavyokaa pamoja katika udongo.

Katika kisiwa cha Pemba suala hili lina uzito wa pekee. Sehemu nyingi za kisiwa hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Nyanya hustawi zaidi katika kipupwe, mvua zinapopungua na jua halijawa kali. Hata hivyo, mche wa nyanya huhitaji kiasi cha wiki 4 hadi 5 kabla ya kupandikizwa. Anayetaka kupandikiza mwezi wa Juni hana budi kusia mbegu mwezi wa Mei, wakati udongo na hewa vingali vimejaa unyevu. Chombo kisichofaa kikimpotezea miche, atakuwa amepoteza fedha za mbegu pamoja na msimu wenyewe.

Adui Apendaye Maji

Hasara hiyo aghalabu huletwa na ugonjwa wa kinyausi. Mche uliokuwa mzima jioni huonekana asubuhi umelala chini. Shingo yake, pale inapotokea udongoni, imelegea na kusinyaa. Miongoni mwa vimelea viletavyo ugonjwa huu ni wale wa jamii ya Pythium, ambao huzaa vijimbegu vyenye uwezo wa kuogelea. Udongo ukijaa maji, vijimbegu hivyo hupata njia ya kutoka mzizi hadi mzizi. Udongo unaochujika vizuri huwafungia njia hiyo.

Kina cha Chombo

Watu wengi hudhani kwamba chombo kikitobolewa chini, maji yote ya ziada yatatoka. Sivyo. Maji hushikamana na chembe za udongo kwa nguvu ile ile inayopandisha mafuta katika utambi wa taa. Karibu na sakafu ya chombo hubaki tabaka la udongo uliojaa maji, nalo halitoki hata tundu likiwa wazi. Kimo cha tabaka hilo hutegemea aina ya udongo, wala si kina cha chombo.

Ukweli huu huweza kuonyeshwa kwa sponji. Iloweshwe, kisha ishikwe kwa kulazwa mpaka iache kudondosha maji. Sasa isimamishwe wima: maji yataanza kutoka tena, ingawa hakuna aliyeikamua. Kilichobadilika ni kimo tu.

Tuchukue mfano wa udongo ambao tabaka lake la maji lina kimo cha sentimita 3. Katika chombo chenye kina cha sentimita 6, nusu ya udongo haina hewa ya kutosha. Katika chombo cha sentimita 15, ni sehemu moja tu ya tano. Udongo ni ule ule na mvua ni ile ile. Lakini mche mmoja utapumua na mwingine utazama.

Hapa pia huonekana kosa la desturi ya kutandika kokoto au vigae chini ya udongo. Maji hayaingii katika kokoto mpaka udongo ulio juu yake umejaa. Tabaka la maji, badala ya kutoka, hupandishwa juu na kusogezwa karibu zaidi na mizizi.

Vyombo Vilivyopo Nyumbani

Kifuu cha nazi hupatikana kila jiko la Pemba. Nusu yenye macho hufaa zaidi, kwa kuwa mojawapo ya macho yake matatu ni laini na hutoboka kwa urahisi. Lakini kifuu ni kifupi. Kitumiwe kwa kuchipuzia mbegu tu, na miche ihamishwe mapema, majani halisi ya kwanza yanapotokea.

Chungu cha udongo kisichopakwa rangi hupitisha maji na hewa katika kuta zake. Kama vile mtungi unavyopoza maji ya kunywa, ndivyo chungu kinavyopoza mizizi. Kwa miezi ya mvua ni chombo bora. Wakati wa kiangazi hukauka upesi na hutaka kumwagiliwa mara nyingi.

Kopo la bati na chupa ya plastiki iliyokatwa havipitishi kitu kwenye kuta. Vitobolewe matundu kadhaa chini, viinuliwe juu ya vijiti ili matundu yasizibe, na viwekwe mahali pasipochomwa na jua la mchana, kwani bati hupata moto haraka. Kopo lililokuwa na rangi, mafuta ya taa au dawa ya wadudu lisitumiwe kabisa.

Kiriba kilicho wazi juu na chini kina faida ya pekee. Kikisimamishwa juu ya ardhi inayopitisha maji, udongo wake huungana na ule wa chini, na maji huendelea kuvutwa kwenda chini badala ya kusimama. Majani makavu ya mgomba yaliyokunjwa kama bomba hufanya kazi hiyo hiyo bila gharama. Hufaa hasa kwa tango, tikiti na boga, ambazo mizizi yake haipendi kusumbuliwa: mche hupandwa pamoja na jani lake, nalo huozea shambani.

Wako wanaochanganya udongo na usumba ili uwe mwepesi. Ni jambo jema, isipokuwa usumba uliotokana na makumbi yaliyovundikwa pwani huwa na chumvi, nayo huzuia mizizi kunyonya maji. Uoshwe mara kadhaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kutumiwa.

Jaribio la Skuli

Wanafunzi watwae makopo matatu yenye upana sawa: la kwanza la kina cha sentimita 6, la pili na la tatu sentimita 15. Yote yatobolewe sawasawa. Katika la tatu pekee, nusu ya chini ijazwe kokoto. Udongo wa aina moja utiwe katika yote, zisiwe mbegu 20 za nyanya katika kila kopo, na yote yamwagiliwe siku moja mpaka maji yatoke chini. Baada ya wiki 3 ihesabiwe miche iliyo hai, kisha mmoja wa kila kopo ung'olewe taratibu na mizizi yake ichunguzwe. Mizizi mizima huwa myeupe na migumu kidogo. Iliyokosa hewa huwa ya kahawia na laini.