Andaa Picha Zako Kabla ya Safari ya Mkutano



Tuseme kijiji chenu kiko Karatu, ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro. Tembo wameshuka usiku, wamekula mahindi na maharage. Asubuhi mmebaki kushika tama. Baada ya wiki mbili barua inafika. Kuna mkutano Arusha. Wakulima, wafugaji, wataalamu wa wanyamapori na watu wa Serikali watakaa pamoja kuzungumza habari ya wanyama waharibifu. Kijiji kipeleke watu wawili. Kila kijiji kitapewa dakika kumi na tano, na wajumbe wameombwa waje na picha.

Umechaguliwa wewe na mwenzako. Mtafanya nini?

Wengi wetu hufikiri kazi itaanza siku ya kufika. "Tutaeleza tu, mdomo si upo?" Ni kweli, mdomo upo. Lakini watakaokaa ukumbini hawajaliona shamba lako. Wengine hawajawahi kukesha wakipiga madebe mpaka alfajiri. Na shamba huwezi kulipakia kwenye basi. Kitakachosafiri ni picha, na picha hutengenezwa nyumbani, pale jambo lilipo, wakati alama zake bado zinaonekana. Ukikumbuka nyayo za tembo ukiwa umeshafika Arusha, umechelewa.

Tunao mfano mzuri, tena wa hukuhuku kwetu.

FUVU LILILOSAFIRI MPAKA KONGO

Ukipanda kutoka Karatu, ukaingia lango la Lodoare, ukaizunguka kreta na kuteremka upande wa Serengeti, unafika Korongo la Olduvai. Wamasai huliita Oldupai, yaani mkonge wa porini unaoota pale. Louis Leakey alianza kazi katika korongo hilo mwaka 1931. Yeye na mkewe Mary walirudi mara kwa mara. Walipata zana nyingi za mawe na mifupa ya wanyama, lakini fedha zilikuwa kidogo, na kazi ilikwenda polepole.

Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa mgonjwa kambini. Mary alitoka na mbwa wake. Akaona mfupa umechungulia kwenye mteremko. Kumbe ni fuvu, na meno makubwa bado yamo katika taya la juu.

Sasa angalia walichofanya. Hawakulichomoa siku ileile. Walikuwa wanamtazamia mpiga picha aitwaye Des Bartlett, aliyekuwa njiani kuja kupiga filamu ya kazi yao. Wakamsubiri. Fuvu likapigwa picha likiwa bado ardhini, na uchimbaji ukapigwa picha hatua kwa hatua. Maana mfupa ukishatolewa, nani atakayeona tena ulikuwa umelala wapi, na kando yake palikuwa na nini? Kisha udongo ukachekechwa, vikapatikana vipande mamia, vikaunganishwa kimoja kimoja.

Yote hayo yalifanyika haraka, kwa sababu mwezi Agosti mwaka uleule palikuwa na mkutano wa wataalamu wa mambo ya kale ya Afrika. Mkutano huo ulikuwa Leopoldville, mji ambao sasa unaitwa Kinshasa. Akina Leakey wakaenda na fuvu lenyewe, wataalamu wakaliona kwa macho yao. Louis alilipa jina la Zinjanthropus. Hilo "Zinj" ni jina la kale ambalo Waarabu waliita pwani yetu ya Afrika Mashariki. Habari zikaenea duniani, na National Geographic Society ya Marekani ikaanza kutoa fedha za kuchimba Olduvai. Leo fuvu hilo limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Lakini tusimsifu Louis kwa kila jambo. Alisema fuvu lina miaka zaidi ya 600,000. Hilo lilikuwa kisio. Mwaka 1961 majivu ya volkano ya tabaka lile yalipopimwa, ikaonekana ni kama miaka 1,750,000. Tena alisema kwamba huyo ni babu yetu hasa, ndiye aliyezichonga zile zana. Baadaye wataalamu wakaona kuwa ni ukoo wa pembeni, uliokwisha kupotea. Zile picha za mwaka 1959 hazikubadilika. Yaliyobadilika ni maneno yaliyowekwa juu yake.

Basi na wewe, katika karatasi zako, tenga ulichopima na unachokisia. "Ekari mbili za mahindi zimeliwa" ni jambo ulilopima. "Tembo walikuwa arobaini", nawe ulisikia vishindo tu gizani, ni kisio. Sema ni kisio. Mtu mmoja akikukamata kwenye hao arobaini, hata zile ekari mbili hataziamini.

NYAYO ZISIZOBEBEKA

Fuvu hubebwa. Lakini yako mambo yasiyobebeka, na ya kwenu huenda ni ya namna hiyo.

Kusini ya Olduvai, katika eneo hilohilo la Hifadhi ya Ngorongoro, kuna mahali panaitwa Laetoli. Mwaka 1976 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi pale walikuwa wakitupiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo. Naam, watu wazima, tena wasomi! Mmoja akaanguka akikwepa, akaona nyayo za wanyama kwenye mwamba. Mwaka 1978 zikaonekana pia nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi. Walipita pale kiasi cha miaka milioni 3.6 iliyopita, juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua. Majivu yakaganda, yakafunikwa na majivu mengine. Mstari wa nyayo hizo una urefu wa mita 27 hivi.

Mwamba wa mita 27 utaupeleka mkutano gani? Mary Leakey na wenzake walizipima nyayo, wakazichora, wakazipiga picha, wakachukua nakala kwa kumimina dawa inayoganda. Kisha mwaka 1979 wakazifukia tena zisiharibiwe na jua, mvua na kwato. Kumbe ndani ya udongo wa kufukia mlikuwamo mbegu za migunga. Miti ikaota, mizizi ikaanza kushuka kwenye nyayo. Ikabidi mwaka 1995 na 1996 zifukuliwe, miti iondolewe, zifukiwe upya kwa utaratibu bora. Muda wote huo nyayo zenyewe zilikuwa chini ya udongo. Picha na nakala ndizo zilizozunguka duniani.

Nyayo za tembo shambani kwako hazina majivu ya kuzilinda. Mvua ya kesho itazifuta, au wewe mwenyewe utazilima. Kwa hiyo usingoje barua ya mkutano. Asubuhi ileile ya uharibifu, kabla hamjakusanya mabua, azima simu yenye kamera. Piga picha ya kwanza ukiwa mbali, shamba lote lionekane pamoja na nyumba au mti unaojulikana. Piga ya pili karibu zaidi, mabua yaliyoliwa yaonekane kando ya yaliyopona. Ya tatu ni ya unyayo wenyewe, na uweke jembe pembeni. Bila jembe, mtu wa mjini hatajua kama unyayo huo ni wa tembo au wa ng'ombe. Andika tarehe na jina la kitongoji kwenye daftari. Pima sehemu iliyoliwa kwa hatua. Unajua desturi yetu, hatua 70 kwa 70 ni kama ekari moja.

Hata ukiwa na picha, mwite mtendaji na bwana shamba waje waone. Tangu mwaka 2011 ziko kanuni za kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa na mnyama, na mambo hayo huenda kwa tathmini ya maofisa. Mkutanoni picha itakusaidia kueleza, lakini haishiki nafasi ya fomu.

PICHA YA UKUMBINI

Picha ya simu ni ndogo. Watu sitini hawawezi kuizunguka. Kama wenye mkutano wamesema ipo projekta, weka picha zako kwenye flashi, na nyingine zibaki kwenye simu ya mwenzako. Hata hivyo chora pia kwenye karatasi za manila. Umeme ukikatika, karatasi haizimiki.

Karatasi nne zinatosha kwa dakika kumi na tano. Ya kwanza iwe ramani: msitu, njia ya tembo, mashamba, nyumba, shule. Ya pili shamba kabla na baada ya kuliwa. Ya tatu hesabu zako, magunia mangapi ulivuna mwaka jana na mangapi mwaka huu. Ya nne, mnachoomba. Watu wengi huisahau hii ya nne! Wanalia vizuri, wanakaa chini, hakuna anayejua walitaka nini. Andika kwa herufi ndefu kama kidole gumba. Kisha bandika karatasi ukutani, rudi nyuma hatua kumi na tano, usome. Usipoweza kusoma wewe uliyeandika, nani ataweza?

Muonyeshe pia mtu ambaye hakuwapo ulipochora, umwulize, "Unaona nini hapa?" Usimsaidie. Katika kazi yetu ya kisomo kuna kisa cha zamani cha mwalimu aliyechora mbu mkubwa kama kuku ili watu wote wamwone. Wanakisomo wakamshukuru, wakasema malaria hiyo ni ya kwao huko, maana mbu wa hapa ni wadogo.

Sisi wenyewe tumewahi kuaibika, tusifiche. Mwaka mmoja tulichora picha sita nzuri kwa makaa, usiku wa kuamkia safari. Tukazikunja pamoja, moja juu ya nyingine, tukaziweka juu ya basi. Tulipozifungua mbele ya watu, mkulima alikuwa amehamia kwenye picha ya ng'ombe, na ng'ombe amekuwa wingu jeusi. Mwenyekiti akatuuliza kwa upole kama hiyo ndiyo hali ya mvua. Tangu hapo tunatumia wino, tunamaliza siku tatu kabla, na kila karatasi inalala na gazeti katikati.

Fanyeni mazoezi nyumbani, mbele ya wazee na vijana. Mmoja aseme, mwingine ashike karatasi na kuitazama saa. Anayesema asiwape watu mgongo akiisoma picha. Aonyeshe kwa fimbo, anyamaze kidogo watu watazame, ndipo aendelee. Mkitaka, anzeni mazoezi kwa Kiiraqw, lakini mara ya mwisho semeni kwa Kiswahili cha mkutanoni, mjue ni neno gani litawakwama.

Karatu mpaka Arusha ni kilomita 140 hivi. Lami ipo, lakini buti la basi lina ndoo za mafuta na mikungu ya ndizi. Zungushia karatasi zako nailoni, zitie ndani ya kipande cha bomba la plastiki, uzishike mkononi mpaka mwisho wa safari. Chukua kamba, vibanio vya nguo na gundi. Nakala ya zile hesabu ibaki ofisi ya kijiji.

Tena fikeni jioni ya kuamkia mkutano, mkaombe kuuona ukumbi. Tazameni ukuta wa kubandikia uko wapi na jua la asubuhi linaingilia dirisha gani. Karatasi ikitundikwa mbele ya dirisha hilo, watu wataona mwanga tu.