Jirani Anapotaka Kubomoa Ukuta

Ichukuliwe mfano wa nyumba ya ghorofa mbili hapo Tibirinzi, Chake Chake, inayokaliwa na aila sita. Mkaazi wa chini ana mama mzee asiyeweza kwenda msalani bila ya kushikwa. Analeta ombi chamani la kuondoa ukuta wa katikati, ili apate chumba kikubwa chenye choo cha ndani. Haja yake ni ya kweli. Lakini wapo watoto wanaolala juu ya ukuta huohuo. Chama kimjibu nini?

Kwanza, yapasa kutenganisha kilicho cha mtu na kilicho cha wote. Zanzibar inayo Sheria ya Kondominiamu, Namba 10 ya mwaka 2010, inayohusu nyumba za namna hii. Kwa kawaida msingi, nguzo, kuta zinazobeba mzigo, paa, ngazi na mabomba makuu ni mali ya pamoja, hata vikipita ndani ya chumba cha mtu mmoja. Kupaka rangi au kubadili mlango wa ndani ni hiari ya mwenyewe.

Pili, yapasa kujua aina ya ukuta. Ukuta wa kugawa chumba huweza kuondolewa. Ukuta wa kubeba huupokea uzito wa sakafu ya juu na kuushusha kwenye msingi. Macho hayatoshi kuzipambanua, wala neno la fundi aliyekwisha ahidiwa kazi. Hapana budi aitwe mhandisi asiye na faida katika kazi hiyo. Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 mjini Unguja, iliporomoka ilhali ukarabati ukiendelea, na watu 2 walipoteza maisha. Nyumba kongwe haitaki kubahatishwa.

Katibu akipokea ombi la namna hii na afuate utaratibu huu:

1. Ombi liwe kwa maandishi, pamoja na mchoro, jina la fundi na muda wa kazi.
2. Wakaazi wote wapewe nakala kabla ya mkutano.
3. Ripoti ya mhandisi isomwe mkutanoni, na kibali cha ujenzi kionyeshwe kabla ya nyundo ya kwanza.
4. Nyufa zilizopo ziandikwe na kupigwa picha mbele ya pande zote mbili, ili ufa mpya usizue ugomvi.
5. Mwombaji aahidi kwa saini kulipia hasara, kuondoa kifusi na kushika saa za kazi zilizokubaliwa.

Mkutano usijifunge kwa ndiyo au hapana tu. Ikiwa ukuta ni wa kubeba, ubaki. Lakini mhandisi aulizwe kama choo chaweza kuwekwa karibu na bomba lililopo pasipo kuugusa. Hivyo mama atasitirika, na walio juu watalala kwa amani. Uamuzi wowote uandikwe katika kumbukumbu za mkutano pamoja na sababu zake, kwani ombi la pili litakapokuja, wanachama watauliza la kwanza liliamuliwaje.