Programu inapobonyeza butoni mbaya: namna ya kuionyesha mahali pa kweli

Tuchukue mufano wa ukurasa wa mutandao wenye kuandikisha wanafunzi. Chini ya fomu kuko butoni mbili: «Rudi» na «Tuma». Kijana aliyeutengeneza ameandika pia programu ndogo ya kuupima kila mangaribi. Programu hiyo inafungua kivinjari, inajaza majina, inabonyeza butoni ya pili, kisha inaangalia kama ukurasa umejibu.

Siku moja masomo inaomba butoni «Futa» iongezwe katikati. Programu inaendelea kubonyeza butoni ya pili, lakini sasa hiyo ndiyo «Futa». Fomu inabaki tupu, upimaji unasema ukurasa umeharibika, na kijana anamaliza usiku na megabaiti akitafuta kosa ambalo haliko. Ikirudilia mara tatu, anaacha kusadiki upimaji wake. Siku ukurasa utaharibika kweli, wazazi ndio watakuja kumujulisha.

Kosa haliko mu butoni, liko mu namna ya kuionyesha.

Selenium, chombo cha bure chenye kutumiwa sana kwa kazi hii, kilianzishwa na Jason Huggins mu 2004, ku Chicago, Marekani. Hakioni ukurasa sawa vile macho ya mutu. Kinasoma HTML, ni kusema maandishi yenye kujenga ukurasa, na mwenye kuandika programu anapaswa kukipatia adresi ya kila kitu cha kubonyeza ao kujaza.

Adresi hizo hazina nguvu moja. Ni sawa kuelekeza mugeni mu muji. Ukimwambia «nyumba ya tatu kisha kibanda cha bluu», kibanda kikihamishwa amepotea. Ukimupatia jina la mwenye nyumba, atafika hata barabara ikibadilika.

Jina hilo, mu HTML, ni «id». Butoni yenye id="tuma-fomu" itapatikana hata ikihamishwa juu ya ukurasa. Lakini uangalifu: kuko id zenye kutungwa na mashini, zenye namba kama 423 ku mwisho, na zinaweza kubadilika kila mara ukurasa unapofunguliwa. Hizo si za kutegemea. Kama id nzuri haiko, «name» inasaidia kwa nafasi za kujaza, ao watengenezaji wanaweka alama ya pekee ya upimaji, kama data-testid.

Kutafuta kwa maneno yenye kuonekana ni rahisi, lakini kwetu kuko mutego: siku ukurasa utatoka mu Kifaransa kuingia mu Kiswahili, «Envoyer» inakuwa «Tuma», na programu haioni tena kitu. Njia ndefu ya XPath, yenye kuhesabu sanduku moja ndani ya lingine, ndiyo inavunjika mbio zaidi.

Mbele ya kuandika adresi, inafaa kuihakikisha. Mu Firefox ao Chrome, bonyeza kuume juu ya kitu, chagua «Inspecter», kisha Ctrl na F, na uandike #tuma-fomu. Kivinjari kitahesabu vitu vyenye kupatana na adresi hiyo. Jibu zuri ni kimoja tu. Vikiwa vitatu, Selenium itachukua cha kwanza bila kulalamika. Kazi hii inafanyika hata bila mutandao, kama ukurasa uko mu mashini yako.

Jambo la mwisho ni mutandao wenye kukokota. Programu ikisema «kitu hakipatikani», pengine adresi iko sawa na ukurasa haujamaliza kufika. Dawa si kubadilisha adresi, ni kuambia programu ingoje mpaka butoni ionekane, na kuipimia mwisho wa kungoja, mufano sekunde 30. Ikipita hapo, basi kosa ni la kweli, na ni wakati wa kulitafuta.