Kupanda mlima na familia kwa siku moja: mambo ya kujua hapa kwetu Goma

Kila vakansi ikikaribia, watoto wa Goma wanauliza wazazi swali moja: tutapanda Nyiragongo lini? Ni swali la haki. Mlima ule tunauona kila asubuhi tukiwa kwenye parsele zetu, lakini wengi kati yetu hatujawahi kufika juu. Wageni kutoka Ulaya na Marekani ndio walikuwa wanakuja, kila mmoja akilipa karibu dola 300, wanapanda, wanalala kule juu, kesho yake wanashuka. Sasa, familia ya Goma inaweza kufanya nini? Tufafanue pole pole.

Kwa nini njia ya Nyiragongo imefungwa?

Njia ya kupanda inaanzia Kibati, ndani ya parke ya Virunga. Mwezi wa 5 mwaka 2018, gari iliyobeba watalii ilishambuliwa, mlinzi mmoja wa parke akauawa, na utalii ukasimama. Ulianza tena mwezi wa 2 mwaka 2019. Mwezi wa 3 mwaka 2020, korona ikafunga tena. Halafu siku ya posho tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, volkano ikalipuka. Watu zaidi ya 30 walikufa, na moto ulisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Kisha vita: mwaka 2022 mapigano yalifika Kibumba na karibu na Kibati, na mwezi wa 1 mwaka 2025 yakaingia Goma yenyewe.

Kwa hiyo mtu akikuambia kama yeye anajua kanjia ka kupita pembeni, usimufuate, hata akikuomba pesa kidogo. Hakuna mlinzi anayejua kama muko kule, na mtoto akivunjika muguu hakuna wa kumubeba.

Mlima wenyewe haucheki

Watu wengi wanafikiri Nyiragongo ni matembezi ya asubuhi. Hapana. Kilele kiko na meta 3,470. Kibati iko karibu meta 2,000. Maana yake, ndani ya kilometa karibu 8, unapanda karibu meta 1,500, juu ya mawe nyeusi yanayokata viatu. Mtu wa nguvu anatumia masaa ine mpaka sita kufika juu. Ndiyo maana wageni walikuwa wanalala kule.

Tena kuna baridi. Kila ukipanda meta 1,000, joto linapunguka karibu digri 6. Kutoka Goma, yenye meta 1,500 hivi, mpaka kilele, ni karibu digri 12 zinazopotea. Mtoto aliyetoka nyumbani na shati moja, mvua ikimunyeshea kule juu, anaweza kugonjwa vibaya.

Hatari nyingine haiko kwenye kilele. Mwaka 2002 na mwaka 2021, moto haukumwagika kutoka shimo la juu. Ardhi ilipasuka kwenye mbavu za mlima, chini zaidi, upande wetu. Mwaka 2002 moto ulipita katikati ya muji mpaka ziwa Kivu.

Mazuku: adui asiyeonekana

Hata familia isiyopanda Nyiragongo inapaswa kujua mazuku. Ni gazi inayotoka ndani ya udongo wa volkano, nzito kuliko hewa. Haiko na rangi wala harufu. Inajikusanya kwenye mashimo na mabonde, zaidi sana usiku na asubuhi mapema, wakati upepo umetulia. Upande wa Lac Vert, Bulengo na kuelekea Sake, watu wanaijua vizuri.

Mtoto ndiye anaikuta wa kwanza, juu ya urefu wake. Gazi ikifika kwenye kiuno cha baba, tayari iko kwenye pua ya mtoto anayetembea pembeni yake. Ukiona ndege ao panya waliokufa ndani ya shimo, rudisha watoto nyuma, panda mahali pa juu. Na kama mtu ameanguka ndani, usishuke kumutafuta mbio mbio. Wengi wamekufa hivyo, mmoja akifuata mwingine. Ita watu, tumia kamba.

Sasa tuende wapi?

Kwa familia yenye watoto wadogo, kilima kidogo kinatosha. Mont Goma, ndani ya muji, karibu na ziwa, nacho ni volkano ya zamani. Inafundisha mtoto kama muji wetu wote umejengwa juu ya volkano. Lakini mbele ya kutoka, fanya haya:

- Uliza nyumba kumi ao mkuu wa mtaa kama mahali munapoenda panaruhusiwa na pana usalama.
- Angalia rangi ya alama ya volkano inayotolewa na OVG: kijani, manjano, chungwa ao nyekundu. Kama si kijani, subiri.
- Beba maji, mukate ao ndizi, jaketi kwa kila mtoto, na viatu vilivyofungwa. Sandali hazifai kwenye mawe yetu.
- Mutembee kwenye njia inayotumiwa na watu kila siku. Vilima ambako kulipiganwa vinaweza kuwa na mabomu ambayo hayajalipuka. Mtoto asiokote chuma yoyote.
- Muhesabu watoto mukitoka, mukifika juu, na mukirudi. Mama ao baba mmoja abaki nyuma ya wote.
- Mushuke mapema, jua lingali juu.

Nyiragongo itabaki pale. Siku njia ya Kibati itafunguliwa rasmi, watoto wetu watakuwa wamekua na miguu yenye nguvu ya kuipanda. Kwa sasa, tuanze na kilima kidogo, wote tufike, wote turudi nyumbani.