Likizo kubwa: mpeleke mtoto kwenye kambi ya kanisa, lakini uliza kwanza



Katika likizo kubwa ya Julai na Agosti, makanisa mengi hapa Nyarugusu huwakusanya watoto kwa nyimbo, mafundisho ya Biblia, mpira na kuchora. Je, inamsaidia mtoto aliyeona vita?

Ndiyo, ikifanywa vizuri. Mtoto aliyekimbia risasi mara nyingi hasemi. Mwili wake ndio unaosema. Anaota ndoto za kutisha, anakojoa kitandani ingawa alikwisha acha, anajitenga au anapigana ovyo. Siyo mapepo wala ukaidi. Ratiba ya kila siku, wenzake wa kucheza nao na mtu mzima mpole humrudishia amani polepole.

Mwaka jana kijijini kwangu nilimkuta mtoto wa miaka 8 akichapwa kwa kukojoa kitandani. Fimbo ilizidisha tu. Mama alipoiacha na kumruhusu kwenda kucheza na wenzake, mtoto alianza kucheka tena.

Kabla ya kumpeleka, hakikisha:
- Wanaoangalia watoto ni watu wazima zaidi ya mmoja, nawe unawafahamu.
- Kuna maji, sabuni na choo.
- Mtoto halazimishwi kusimulia vita mbele ya wengine.
- Mwenye kifafa haachishwi dawa eti ameombewa.

Dalili zikizidi mwezi mmoja, mlete kituo cha afya. Akisema anataka kufa, mlete siku hiyo hiyo. Maombi na matibabu hayagombani.

Mhamasishaji wa afya wa kijiji