Jinsi Makumbusho ya Kitale Yanavyopokea Vitu vya Wazee

Watu wengi wa Kabuchai huenda Kitale mara kwa mara, huyu kutafuta mbegu, yule kumtazama ndugu yake, nao hurudi bila kuingia katika nyumba ya Makumbusho. Husema kwamba pale ni mahali pa watoto wa shule na nyoka. Nyoka wapo kweli, na watoto huwapenda mno, lakini kazi kubwa ya nyumba ile ni nyingine, nayo yamhusu kila mtu ambaye babu yake aliacha kitu ukutani au darini.

Mwanzo wake ulikuwa kwa Luteni Kanali Hugh Stoneham, Mwingereza aliyekusanya vipepeo, ndege na vitabu kwa miaka mingi, akafungua makumbusho yake mwenyewe mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliacha wosia kwamba vitu vyake viwe mali ya taifa, pamoja na fedha za kujengea nyumba mpya. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwezi wa Desemba 1974. Tangu hapo vimeongezwa vyombo vya makabila ya magharibi, na nje zimejengwa nyumba za mfano za jadi. Kuna pia njia ya kutembelea msituni, na wageni wameonyeshwa jinsi samadi ya ng'ombe inavyotoa hewa ya kupikia.

Sasa tueleze jambo lenyewe. Tuseme mtu wa Chwele ameleta litungu la marehemu baba yake. Mpokeaji hana budi kuuliza kwanza, kabla hata ya kulisifu: Je, ni lako? Ndugu zako wamekubali? Akiridhika, huuliza wanalitoa kwa namna gani. Zawadi haina marejeo. Kitu huwa cha taifa. Kikinunuliwa, ni vivyo hivyo. Lakini kikiazimwa, hubaki mali ya mwenyewe, na makumbusho ni mlinzi tu kwa muda ulioandikwa. Watu wengi hawaijui tofauti hiyo, na hapo ndipo ugomvi wa ndugu huzaliwa.

Baadaye litungu hukaguliwa lisije likawa na dudu waharibifu wa mbao au ngozi, likawaambukiza wenzake. Hupewa namba, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo mahali pasipoonekana sana, na namba ile ile huandikwa daftarini pamoja na maelezo: nani alilitengeneza, wapi, lilipigwa na nani, lilipigwa lini na kwa sababu gani, nani ameleta na siku gani. Mara nyingi haliwekwi katika kabati la kioo siku hiyo. Huenda likakaa ghalani miaka mingi mpaka yatokee maonyesho yanayolihitaji, wala si kwamba limedharauliwa.

Maelezo hayo ya daftarini ndiyo roho ya kitu. Litungu bila maelezo ni mbao, ngozi na nyuzi saba au nane. Hali kadhalika chinyimba, njuga zile ambazo kijana wa Kibukusu hugonga mikononi anapokwenda kuwaalika jamaa zake tohara, katika Agosti ya mwaka ugawanyikao kwa mbili: asiyejua ataona kengele za chuma tu. Mkusanyaji wa wadudu humchoma kipepeo kwa pini pamoja na karatasi ndogo yenye mahali na tarehe aliponaswa. Ni ajabu, na kwa maoni yetu ni aibu, kwamba kipepeo amepata heshima hiyo na fundi aliyechonga kiti cha mzee ameandikwa kwa jina la kabila lake tu.

Hasara yake ilionekana mwaka 2021, yalipofanyika maonyesho katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ambako makabati mengine yaliwekwa matupu kwa makusudi. Wachunguzi wa Kenya na Ujerumani walikuwa wamehesabu vitu vya Kenya zaidi ya 32,000 vilivyomo katika makumbusho 30 ya ng'ambo. Hebu fikiri: mtu wa ukoo fulani atakidai vipi kiti cha babu yake ikiwa jina la babu halikuandikwa popote?

Wala si vyote vilivyochukuliwa kwa nguvu. Kwetu sisi kilikuwapo kigoda cha miguu mitatu. Alikuja mnunuzi kwa baiskeli, tukamwuzia kwa bei ya madaftari ya shule, tukafurahi. Hatukumwuliza hata jina lake.

Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 yahesabu kuwa cha kale kitu kilichofanywa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, nacho hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali. Kwa Wabukusu mwaka huo hauhitaji kuelezwa. Ndio mwaka wa vita vya Lumboka na Chetambe. Basi mkuki uliofanywa kabla ya mwaka huo umo ndani ya sheria hiyo, hata kama leo watumika kuchokolea maembe.

Mwenye kitu cha namna hii asikipake rangi wala vanishi, wala asikisugue kwa mchanga kiwe kipya. Uchakavu wake ni sehemu ya habari yake. Aketi kwanza na mzee anayekijua, aandike majina na matumizi yake, kwa Kibukusu ikiwa ndiyo lugha ya mzee, hata kama nia yake ni kukiweka nyumbani. Akiamua kukipeleka Kitale, na kikiwa kizito, atangulize picha. Na akipewa karatasi ya kutia sahihi, aisome mpaka mwisho na kutazama kama imeandikwa zawadi au mkopo, kisha nakala yake airudishe nyumbani akawaonyeshe ndugu zake.